Bendi yetu ya roki Mwanza ina wapiga solo wawili na hakuna anayekubali kushuka. Naombeni ushauri

BesiMabatini

Wakuu habari za jioni. Naomba msaada wa wanamuziki, mafundi mitambo na yeyote aliyewahi kukaa ndani ya bendi. Shoo yetu iko mwezi ujao, na tukienda hivi tulivyo watu watasikia vita, nyimbo hawatazisikia.

Tuko watano, tunapiga roki hapahapa Mwanza. Hakuna anayekula kwa muziki. Mimi napiga besi, kutwa nauza vipuri vya pikipiki Mabatini. Mpiga dramu ni konda wa daladala za Igoma. Mwimbaji ni dada mmoja mwalimu wa shule ya msingi, na sauti yake ikipanda unaacha ulichokuwa unafanya. Magitaa mawili yanapigwa na hawa ndugu zangu ambao ndio sababu ya uzi huu. Mmoja nitamwita Mkerewe kwa kuwa kwao ni Nansio, anapima dagaa Mwaloni Kirumba. Mwingine nitamwita Fundi, anatengeneza simu Makoroboi. Nawapenda wote wawili. Kwa watu wasiolipwa kwa kupiga gitaa, sijaona hapa mjini wa kuwafikia. Na kila mmoja wao anajua kwa moyo wake wote kwamba mpiga solo, yaani gitaa linaloongoza, wa bendi hii ni yeye.

Ilianza na sauti. Mazoezi tunafanya Jumapili mchana kwenye stoo ya shemeji yangu, ukuta wa tofali, juu bati. Fundi anawasha ampu yake (kile kikuza sauti cha gitaa), anaweka 3. Mkerewe anasikiliza kidogo, anaweka 4. Hakuna anayesema neno. Wimbo wa pili ukianza Fundi anainama kufunga kamba za viatu, akiinuka kitufe kiko 5. Kufika wimbo wa nne, mwimbaji unamwona mdomo tu unavyokwenda. Siku hizi anakuja na madaftari ya wanafunzi wake. Solo zikianza anakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa anasahihisha hesabu. Juzi amemaliza darasa la nne lote kabla hatujarudi kwenye kiitikio.

Fundi akauza baiskeli, akanunua ampu ya wati 60, maana Mkerewe alikuwa na ya wati 50. Mkerewe hakusema kitu. Akaenda kuomba mkopo kwa bosi wake Mwaloni, akarudi na ya wati 100, ameikumbatia tumboni juu ya bodaboda njia nzima kutoka Kirumba.

Halafu zikaja nyaya. Tulialikwa kupiga kwenye sendofu moja Buswelu. Katikati ya wimbo hawa wawili wakaanza kusogea mbele, hatua kwa hatua, kila mmoja anataka awe karibu zaidi na watu. Waya wa Mkerewe ukaisha, ukachomoka kwenye jeki, gitaa likakata. Fundi akaimalizia ile solo peke yake huku mama wa bibi harusi anamtunza noti. Mazoezi yaliyofuata Mkerewe akaja na waya mrefu mara mbili ya ule wa kwanza. Fundi naye akatafuta mrefu zaidi. Sasa hivi sakafu yote ya stoo ni nyaya, na dada yetu anatembea kwa kuruka.

Tuna wimbo wetu wenyewe, tumeutunga sote, unaongelea kivuko cha Kamanga na watu wanavyokiwahi jioni. Ndani yake kuna nafasi moja ya solo, baada ya beti la pili. Fundi akaipiga, nzuri sana. Mkerewe akatikisa kichwa kwa heshima, kisha akaanza ya kwake pale pale. Fundi akamjibu. Mkerewe akajibu lile jibu. Mpiga dramu akaweka fimbo chini, akatoka, akaenda kununua muhogo wa kuchoma kona ya pili, akarudi, akala, wakiwa bado wanajibizana.

Jina la bendi ndiyo kabisa. Mmoja anataka jina la ziwa, mwingine anataka jina la mawe. Mwenye ukumbi alipotaka jina la kuweka kwenye bango ilibidi aandike tu "Roki kutoka Mabatini", na sasa mpiga dramu wetu wa Igoma amenuna.

Naomba mnielewe hapa: sitaki waache kushindana. Fundi alipokuja na mtindo wa kugonga nyuzi kwa vidole vya mkono wa kulia juu ya shingo ya gitaa, Mkerewe alijifungia nao, na mara iliyofuata akaupiga kwa kasi zaidi na akauunganisha na mlio wa ngoma ya kwao. Nilisimama kupiga besi ili nimsikilize. Bila Fundi, ule mlio usingezaliwa. Ninachotaka ni washindane huku mwimbaji anasikika, nyimbo zinaisha, na mimi na dramu tuna kazi ya kufanya.

Shoo ni ukumbi mmoja wa ufukweni upande wa Luchelele. Nawagawia vipi solo bila mmoja kuona kanyang'anywa? Sauti naidhibitije? Na je, nyimbo zetu tatu tuziandike kwa jina la nani, maana hata hilo limeshaanza kunukia. Natanguliza shukrani.

---

Kivumbi_Igoma

Mkuu fukuza mmoja, abaki mmoja. Kwisha habari.

---

BesiMabatini

Hapana mkuu. Nikimfukuza Mkerewe, Fundi atarudi kupiga vitu vile vile alivyokuwa anapiga zamani. Nikimfukuza Fundi, Mkerewe ataacha gitaa, namjua. Na siwezi kumfukuza rafiki yangu kwa kosa la kupenda gitaa. Nitafutie dawa nyingine.

---

Fundi_Mitambo_Nyakato

Ndugu yangu, mimi nafunga mitambo kwenye harusi, mikutano ya injili na kumbi za muziki, na hii vita naifahamu. Nianze na hizo wati, ili uwaambie wasiuze vitu vingine vya nyumbani.

Ukiongeza wati mara mbili, kwa mfano kutoka 50 kwenda 100, sauti inapanda kwa desibeli 3 tu (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti). Sikio linaona mabadiliko madogo. Ili mtu ahisi sauti imekuwa kubwa mara mbili unahitaji kama desibeli 10, maana yake wati mara kumi. Kwa hiyo Mkerewe amekopa na Fundi ameuza baiskeli, na tofauti kati yao haifiki hata desibeli 3. Katika hicho chumba cha bati, wati 30 zingewatosha wote wawili.

Sasa kwa nini kila mmoja anaamini hajisikii? Angalia ampu zimekaa wapi. Ziko sakafuni, sivyo? Spika ya gitaa milio yake mikali inaitupa mbele moja kwa moja. Mpigaji amesimama hatua moja kutoka kwenye ampu, ile milio inampiga kwenye magoti, masikio yanapata mabaki. Anaongeza. Aliyekaa mbali, yaani mwimbaji kwenye ndoo yake, anapokea yote usoni. Weka kila ampu juu ya kiti, au ilaze kidogo kwa nyuma imtazame mwenyewe sikioni. Utashangaa watakavyopunguza bila kuambiwa.

Pili, badilisha mpangilio. Nyinyi mnaanza na magitaa halafu mwimbaji anatafuta pa kupita. Anza na maiki. Pandisha maiki mpaka ikaribie kupiga mluzi, shusha kidogo, hapo ndipo pamefika mwisho wa chumba chako. Dramu, besi na magitaa yote yakae chini ya hapo. Gitaa likimfunika dada, gitaa linashuka, halina mjadala.

Tatu, wote wawili wanapiga kodi moja (noti kadhaa kwa pamoja), sehemu moja ya shingo, na wote wamezidisha mkwaruzo. Inakuwa uji mtupu. Uzi wa chini kabisa wa besi yako unalia kama mitetemo 41 kwa sekunde, uzi mnene wa gitaa 82. Wao wakifungua kitufe cha besi kwenye ampu zao wanaingia chumbani kwako, ndiyo maana unaona huna kazi. Waambie wapunguze besi, mmoja apige kodi za chini, mwenzake apande kuanzia freti ya 7 (vile vyuma vya kwenye shingo). Na wote watyuni kwa kifaa kimoja, noti ya A iwe mitetemo 440 kwa sekunde. Nina hakika saa hizi kila mtu anatyuni kivyake.

Na la masikio nalisema kwa uchungu kwa sababu nimeona wenzangu wameshaziba. Kipimo cha wataalamu ni desibeli 85 kwa saa 8. Kila ukiongeza 3, muda unakatika nusu. Ikifika 100 ni dakika 15. Chumba cha bati, ampu mbili na dramu, 100 mnaivuka. Pakua programu ya kupima sauti kwenye simu, muwe mnaitazama. Vizibo vya masikio ni bei ndogo.

---

RokiTu_Mkolani

Mimi nipo upande wa historia, na nikuhakikishie hamjafika pabaya. Mwaka 1965, mjini Cardiff, mpiga dramu wa The Kinks alimpiga mpiga gitaa wao kichwani kwa stendi ya tasa za dramu, jukwaani, watu wanaangalia, akakimbia akidhani ameua. Mpiga gitaa alishonwa. Na baada ya hapo waliendelea kupiga pamoja kwa miaka mingi! Mpiga dramu wako yeye amekwenda kununua muhogo tu. Mshukuru. Mwaka 1968 Ringo Starr aliondoka The Beatles, na aliporudi alikuta dramu zake zimepambwa maua. Mnunulieni na yeye kitu.

Kuhusu magitaa, mbona kuna bendi zimejengwa juu ya hilo hilo tatizo? Thin Lizzy walichukua wapiga solo wawili mwaka 1974, wakawa wanapiga melodia moja kwa pamoja, mmoja akianzia do mwenzake anaanzia mi, wanakwenda sambamba. Iron Maiden tangu 1999 wana magitaa matatu. Chukueni ile solo ya wimbo wa Kamanga, muitunge upya ya watu wawili. Haiwezi kupigwa na mmoja, kwa hiyo hakuna wa kuimiliki.

Nyimbo ziandikeni kwa majina ya wote watano, sawa kwa sawa. Hili usilichezee. Queen, bendi ya Freddie Mercury, mzaliwa wa Unguja wa 1946, waligombana sana kwa sababu ya majina. Mwaka 1975 wimbo wa mpiga dramu wao ulikaa upande wa pili wa santuri yao iliyouza kupita kiasi, na yeye akalipwa kama aliyetunga upande wa kwanza. Kelele zake hazikuisha haraka. Kuanzia albamu ya 1989 wakakubaliana kila wimbo uandikwe Queen. Mkienda COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kusajili, nendeni na majina matano.

---

MzeeWaRizimu

Mwanangu BesiMabatini, nimesoma yote. Nimepiga gitaa la rizimu, lile la kusindikiza, kwenye bendi za dansi tangu miaka ya sabini, sasa nimetulia Mkuyuni. Roki yenu siijui sana, lakini magitaa nayajua.

Sisi tulikuwa na magitaa manne jukwaani na hatukugongana. Solo, solo ya pili, rizimu na besi. Solo anaongea. Solo ya pili anajaza pale solo aliponyamaza, hapigi alichopiga mwenzake. Rizimu anashika nyumba, hatoki. Wimbo ukifika kwenye chemko, pale unapochangamka, kila gitaa linapiga kitu kifupi, tofauti, tena na tena, ndiyo unasikia ukumbi unasimama. Ukimtoa mmoja kunabaki tundu na kila mtu analisikia.

Hao vijana wako wote ni solo kwa sababu hakuna aliyewafundisha rizimu. Nikuulize, je, umewahi kumsikia hata mmoja wao akimpigia mwenzake rizimu kutoka mwanzo wa wimbo hadi mwisho? Fanya hivi. Kila wimbo uwe na mwenyewe. Wimbo huu solo ni Fundi, Mkerewe anashika rizimu. Wimbo unaofuata wanabadilishana. Aliyepigiwa rizimu mbovu leo atalipiza kesho, watanyooshana wenyewe, wewe kaa kimya na besi yako.

Na kingine. Zamani bendi zilikuwa na mpinzani nje. NUTA Jazz ilianza 1964, ndiyo baadaye ikawa JUWATA, OTTU na mwisho Msondo. Mwaka 1978 ikaanzishwa Mlimani Park, Sikinde, na wengine walitoka Juwata kwenda huko, marehemu Muhiddin Gurumo akiwemo. Kuanzia hapo Sikinde akimsikia Msondo ana wimbo mpya, halali. Mpiga solo alikuwa hana muda wa kumtazama mwenzake wa jukwaa moja, alikuwa anamtazama yule wa bendi ya pili. Watafutie hao vijana bendi nyingine ya kushindana nayo. Mwanza kubwa hii, hamkosi.

Mimi ningependa kuja kuwasikia, kama kuna kiti.

---

BintiKisesa

Shikamoo mzee wa Mkuyuni. Umenikumbusha kwetu. Huku Usukumani ngoma zina pande mbili, Bagika na Bagalu, na wakikutana kwenye mashindano baada ya mavuno hakuna jaji wa kukaa mezani. Makundi mawili yanacheza wakati mmoja, watu wanazunguka wanakopenda, na mwenye watu wengi ndiye ameshinda. Pale Bujora, kwenye makumbusho ya Wasukuma, nimeona watu wanahama kutoka upande huu kwenda ule kwa sababu wa upande wa pili wamekuja na nyoka. Kaka zetu hawa wapeni wimbo mmoja wa hivyo, mmoja tu, wa mwisho. Mmoja kulia, mmoja kushoto, kila mtu hesabu nne mara nane, kisha ampokeze mwenzake. Watu wahame wenyewe. Nyimbo nyingine zote waheshimu dada anaimba.

---

MzeeWaRizimu

Marahaba binti. Hiyo nzuri. Lakini raundi zihesabiwe na mpiga dramu, na akimaliza amemaliza.

---

BesiMabatini

Wakuu nimerudi. Shikamoo mzee wangu, kiti kipo, tena nitakuletea cha kuegemea.

Tumefanya mazoezi. Niliwahi mapema nikaweka ampu juu ya viti kabla hawajafika. Fundi alipowasha ikiwa 5 kama kawaida, ikampiga sikioni akaruka. Akashusha mpaka 2 mwenyewe. Mkerewe alimwona, na yeye akaweka 2. Tukaanza na maiki kama nilivyoelekezwa. Kwa mara ya kwanza nimesikia maneno ya beti la pili la wimbo wetu wenyewe, kumbe ni mazuri kiasi kile. Nilitaka kulia.

Kisha nikaleta ya mzee, kila wimbo na mwenyewe. Hapo kukawa na kimya. Mkerewe ndiye aliyekubali kwanza kushika rizimu, akapiga safi, imenyooka, haijatoka hata mara moja. Wimbo ukaisha, mwimbaji akamsifia mbele ya watu. Nilimwona Fundi anavyobadilika uso. Wimbo uliofuata Fundi akashika rizimu kwa unyenyekevu ambao sijawahi kuuona, akashusha ampu hadi 1. Mkerewe zamu yake ilipofika akapunguza na gitaa lenyewe. Sasa wanashindana nani anampisha zaidi mwenzake, na kufika mwisho wa mazoezi magitaa hayasikiki kabisa. Dada ameweka madaftari chini anawaomba waongeze, kila mmoja anasema "mwanzie mwenzangu".

Wimbo wa mwisho wa kupokezana wameupokea kwa mikono miwili. Majina matano kwenye nyimbo, wote wamekubali, hakuna aliyebisha. Jina la bendi bado.

Fundi Mitambo, hili la kushuka nalifanyaje?

---

Fundi_Mitambo_Nyakato

Hilo rahisi. Cheza besi na dramu peke yenu kwanza, mwongeze mwimbaji, kisha mmoja mmoja waingie wakiwa na rizimu mpaka dada aseme panatosha. Pale pale bandika tepu juu ya kitufe na uchore alama kwa kalamu. Ampu zote mbili, alama yake ni ya dada, si yao. Wa solo ataongeza kwenye gitaa lenyewe zamu yake ikifika, akimaliza anarudisha. Ampu haiguswi.

Jumapili sina kazi. Nitakuja na kipimo changu cha sauti na mikseri ndogo, tuzipime hizo alama pamoja kabla ya Luchelele. Wewe niandalie tepu, na hizo nyaya ndefu zikunjwe, niwe na pa kukanyaga.